Kibali cha Kusimamisha Mnara wa Redio ya Ridhaa: Mambo Yalivyo Marekani



Redio ya ridhaa ni ya watu wanaowasiliana kwa mitambo yao wenyewe, bila mshahara wala biashara, baada ya kufanya mtihani na kupewa leseni na serikali. Wengi wao ni watu wa kazi kama sisi: mafundi simu, mafundi umeme, mabaharia wastaafu. Tufani ikiangusha nguzo za simu, mara nyingi wao ndio hubaki na njia ya kupeleka habari. Lakini mtambo usio na eriali iliyo juu ni sawa na ngoma isiyowambwa.

Urefu huo si majivuno. Tuchukue wimbi la mita 20, linalotumika sana kwa nchi za mbali. Eriali iliyolazwa ikiwa mita 10 kutoka ardhini, nguvu yake kubwa huondoka kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ikipandishwa hadi mita 20, pembe hiyo hushuka kuwa kama nyuzi 14, na wimbi hufika mbali zaidi kabla ya kurudi chini. Ndiyo sababu mtu wa Ohio anayetaka kusikika Lusaka au Dodoma atataka mnara wa futi 60 au 70 nyuma ya nyumba yake. Na hapo ndipo anapokutana na halmashauri ya mji.

Halmashauri ina milango miwili, na watu wengi huichanganya. Wa kwanza ni wa mipango miji, ambao huuliza kama mnara unaruhusiwa katika mtaa huo, urefu gani, na umbali gani kutoka mpaka wa jirani. Wa pili ni wa ujenzi, nao huuliza kama mnara utasimama au utaanguka. Mtu anaweza kukubaliwa mlango mmoja na kukataliwa mwingine.

Mlango wa kwanza ndio wenye ugomvi. Miji mingi iliweka kikomo cha urefu bila kufikiria redio kabisa, na majirani wakiitwa kwenye kikao husema mnara unaharibu sura ya mtaa. Mwaka 1984 chama cha wapenzi wa redio, American Radio Relay League, kiliiomba Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu iingilie kati. Mwaka 1985 Tume ikatoa uamuzi unaojulikana kwa jina la PRB-1. Maana yake ni hii: mji unaweza kuweka masharti kwa ajili ya usalama, afya au sura ya mtaa, lakini masharti hayo lazima yaipe redio ya ridhaa nafasi ya kutosha, na yasizidi kile kinachohitajika kwa lengo halali la mji. Tume haikutaja urefu wowote. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa pengo, maana liliacha kila mji upime wenyewe maana ya neno "kutosha".

Mfano mzuri ni wa Mendota Heights, jimbo la Minnesota. Mpenzi mmoja wa redio aliomba mnara wa futi 68 mahali ambapo kanuni iliruhusu futi 25. Mji ukakataa bila kutoa sababu za maana. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya serikali kuu iliamua kwamba haitoshi mji kupima faida yake dhidi ya faida ya mwombaji. Lazima ujitahidi kumpa nafasi. Majimbo mengine yametunga sheria zenye namba kamili. Oregon hairuhusu miji kuweka kikomo cha futi 70 au chini yake. Virginia hairuhusu kikomo cha chini ya futi 75 palipo na watu wengi, wala cha chini ya futi 200 mashambani. Mnara ukizidi futi 200, au ukiwa mfupi lakini karibu na kiwanja cha ndege, wakubwa wa usafiri wa anga nao huarifiwa.

Jirani akilalamika kwamba televisheni yake itakoroma, hilo si la halmashauri. Tangu sheria ya mwaka 1982, mambo ya mawimbi kuingiliana yako mikononi mwa Tume peke yake.

Mlango wa pili ndio unaotuhusu sisi tunaopanda. Mwombaji huleta ramani ya kiwanja inayoonyesha mnara, nyumba, mipaka na waya za umeme, pamoja na michoro yenye muhuri wa mhandisi ikionyesha nguvu ya upepo na kipimo cha msingi. Mkaguzi huja kuona shimo na nondo kabla zege halijamwagwa. Hesabu ya kawaida ya zege kufikia nguvu yake ni siku 28, na mwenye mnara huona siku hizo ni nyingi. Fundi asikubali kuharakishwa. Asikubali pia kupanda mnara wa kukunjua ambao haujateremshwa wote, kwani kamba ikikatika vipande huteleza na kukata miguu. Mnara usimame mbali na waya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake pamoja na eriali, ili ukianguka usiziguse. Wapo wanaosimamisha kimya kimya Jumapili. Hao huamriwa kubomoa kwa gharama zao, na fundi aliyeumia hapo hupata taabu kudai fidia.

Kuna mahali PRB-1 haifiki: mitaa ambayo mnunuzi wa nyumba hutia saini mkataba wa kutoweka eriali nje. Tume ilisema mwaka 1985, na tena mwaka 2000, kwamba haiingilii mikataba ya watu binafsi. Mwaka 2016 mswada wa kubadili jambo hilo ulipita katika Baraza la Wawakilishi lakini haukupita katika Seneti. Wakazi wa mitaa hiyo hutandaza waya darini, au husimamisha mlingoti wa bendera ambao kwa kweli ni eriali.