Uhandisi wa fuwele

Uhandisi wa fuwele ni tawi la kemia linalotafuta kupanga fuwele kwa makusudi, kwa kutumia nguvu za mvutano kati ya molekuli na molekuli. Jina hilo lilitumiwa na Ray Pepinsky mwaka 1955; kitabu cha mwanakemia Mhindi Gautam Desiraju cha mwaka 1989 ndicho kilicholieneza.

Nguvu hizo ni dhaifu kuliko miungo inayoshika atomi ndani ya molekuli. Inayotegemewa zaidi ni muungo wa hidrojeni: hidrojeni iliyoshikwa na oksijeni au nitrojeni huvutwa pia na atomi kama hiyo katika molekuli jirani. Muungo huu una mwelekeo, hivyo mpangilio wake waweza kukisiwa, ingawa si kila mara. Nguvu za van der Waals hazichagui upande. Hizo husogeza molekuli karibu ili nafasi tupu zipungue.

Mfano wa karibu ni jasi, madini yanayochimbwa Itigi, mkoa wa Singida, kwenye uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Kalisi na salfeti hufanya tabaka imara, lakini tabaka hizo hutenganishwa na molekuli za maji zinazoshikilia kwa miungo ya hidrojeni. Kwa hiyo fuwele hupasuka hapohapo kama kurasa, na ukucha unatosha kuikwaruza. Ikipashwa moto wa sentigredi 150 hivi, jasi hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga. Unga huo ukikorogwa na maji, fuwele mpya kama sindano huota na kusokotana. Ndivyo zinavyoganda dari za jipsamu, ziwe za Chang'ombe jijini Dodoma au kwingineko, na vilevile plasta ya mfupa uliovunjika.

Molekuli zilezile zaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja, hali inayoitwa polimofia. Mebendazoli, dawa ya minyoo, ina fuwele za aina A, B na C. Inayofaa kwa tiba ni C. Aina A huyeyuka kwa shida, na kidonge chenye hiyo pekee hakitibu ipasavyo, hata kama kipimo cha kiasi cha dawa kinaonyesha kwamba imo yote. Mwaka 1998 kapsuli za ritonaviri, dawa ya VVU, ziliondolewa sokoni baada ya aina mpya ya fuwele, ngumu zaidi kuyeyuka, kujitokeza kiwandani.