Upweke wa mchunga ngamia katika nyika za Kitui na Makueni

Kila kiangazi kinapozidi katika Garissa na Tana River, makundi ya ngamia huingia Kitui na kufuata mito ya mchanga ya Thua na Tiva. Baadhi husonga hadi pande za Kibwezi, Makueni.

Habari za safari hizo hutufikia zikiwa na sura moja: miembe imevunjwa, ndengu zimelishwa mifugo, watu wameuawa. Moyo wa yule atembeaye nyuma ya ngamia hauulizwi.

Wengi wa vijana hao, hasa Wasomali, hawachungi mali yao. Ngamia ni wa matajiri waishio mijini, ambao huwaajiri kwa mshahara wa mwezi. Ngamia akipotea, kijana ana la kumjibu mwenye mali. Akiingia shambani, ni kijana huyo huyo anayekabiliwa na silaha za wenyeji. Hofu humtoka mbele na nyuma.

Kwa desturi ya wafugaji wa Kisomali, familia hugawanyika wakati wa ukame. Wanawake, wazee na watoto wadogo hubaki na mbuzi na kondoo karibu na maji, ilhali vijana hupelekwa mbali na ngamia, wawezao kukaa siku nyingi bila kunywa. Mchungaji huyo, geeljire kwa lugha yake, huenda alianza kazi akiwa na miaka saba au minane. Miezi hupita asimwone mamaye, na aghalabu chakula chake ni maziwa matupu.

Hapo ndipo mnyama hugeuka jamaa. Ngamia hupewa jina, hutambuliwa kwa wayo wake mchangani, na huimbiwa anywapo kisimani, wimbo ukifuata mwendo wa mikono iliyo kazini. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 13, hivyo kifo cha ndama ni hasara ya zaidi ya mwaka mzima. Mama aliyefiwa huweza kuzuia maziwa, nao wachungaji humnusisha ngozi ya ndama wake ili ayaachilie. Anayefanya kazi hiyo usiku porini hawezi kuambiwa kwamba mnyama hana huzuni.

Mkulima wa Mutitu au Endau naye ana uchungu wake, wala si mdogo. Mwembe aliotegemea uje kulipa karo ya watoto huchukua miaka kadhaa kuzaa. Ngamia huumaliza kwa asubuhi moja.

Ajabu ni kwamba Wakamba waliyajua maisha haya. Kyengo, yaani kambi ya ng'ombe iliyo mbali na nyumbani, iliandikwa na mtafiti Mswidi Gerhard Lindblom mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba yalipoenea nyikani, Makueni ikigawiwa walowezi Wakamba baada ya Vita Vikuu vya Pili, kambi hizo zikafifia.

Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, ulizidisha msongamano kwenye malisho. Mikutano ya amani huitishwa. Wazee huja, wanasiasa huja, pengine wenye ngamia pia. Kijana mwenyewe hayupo. Kiswahili chake ni cha kubabaisha, na isitoshe, ngamia hawaachwi peke yao.