Melodi za wazee wetu: je, zinafaa ibadani?

Kila mara kwaya inapojaribu kuimba kwa melodi ya kijijini, swali linarudi katika makanisa yetu: je, jambo hili linafaa ibadani? Wengine wanaona nyimbo za kitabu peke yake ndizo takatifu. Basi tuangalie baadhi ya nyimbo za namna hiyo zilitoka wapi.

Nchini Uingereza aliishi mtunzi wa muziki, Ralph Vaughan Williams, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka wa 1872. Mwezi wa Desemba 1903, katika kijiji cha Ingrave, mzee mmoja mfanyakazi wa mashamba, Charles Potiphar, alimwimbia wimbo wa watu wa zamani. Wimbo huo ulimgusa sana. Tangu hapo alizunguka kwa wakulima na wavuvi, akiandika nyimbo walizozijua kwa kichwa tu. Alikusanya zaidi ya 800. Waimbaji wengi walikuwa wazee. Vijana walikuwa wameanza kuziacha.

Wakati huohuo alipewa kazi ya kutengeneza muziki wa kitabu kipya cha nyimbo za Waanglikana, The English Hymnal, kilichotoka mwaka wa 1906. Humo aliunganisha melodi za mashambani na maneno ya ibada. Wimbo wa Noeli juu ya mji mdogo wa Betlehemu, ambao maneno yake yaliandikwa na mchungaji Mmarekani Phillips Brooks, aliupa melodi aliyoisikia katika kijiji cha Forest Green. Waingereza wanauimba hivyo hata leo.

Melodi nyingine ilibeba habari ya tajiri na Lazaro (Luka 16:19-31). Kila eneo liliiimba tofauti kidogo. Mwaka wa 1939 Vaughan Williams aliitungia kazi ya vinanda vya nyuzi na kinubi, Five Variants of Dives and Lazarus. Hakuchagua namna moja na kuzitupa nyingine: aliweka tano, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilipigwa kwenye mazishi yake mwaka wa 1958.

Mwaka huohuo, hapa kwetu Kongo, Wakatoliki wa Kamina pamoja na padri Guido Haazen waliimba Missa Luba: maneno ya misa ya Kilatini kwa namna ya nyimbo za kienyeji. Ilisikika mpaka Ulaya.

Hatusemi kwamba kila wimbo unafaa. Kuna nyimbo zilizofungwa na matambiko, na wazee wenyewe wanazijua, tuwaulize kwanza. Lakini wimbo wa kulima, wa kubembeleza mtoto au wa kupiga kasia ziwani una kosa gani?

Tena tusikawie. Vita vimewatoa wengi vijijini. Mzee akifariki kambini, mbali na kwao, nyimbo zake zinazikwa pamoja naye.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa kwaya: keti na mzee mmoja wa kanisa lako, mrekodi kwa simu, muulize wimbo huo uliimbwa lini na kwa kazi gani. Kisha tafuteni pamoja maneno katika Zaburi. Mungu aliyempa babu yetu sauti hatakataa kusifiwa kwayo.