Fahamu sare iliyompa Gukesh nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji

Katika sataranji, mshindi hupata pointi 1 na kila aliyetoka sare hupata nusu pointi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua Mashindano ya Wagombea, yaliyofanyika Toronto, Kanada, Aprili 2024 ili kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia.

Kabla ya raundi ya 14, ambayo ni ya mwisho, D. Gukesh wa India, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa na pointi 8 na nusu. Wamarekani Hikaru Nakamura na Fabiano Caruana, pamoja na Mrusi Ian Nepomniachtchi, walikuwa na pointi 8 kila mmoja.

Nakamura, aliyehitaji ushindi, alicheza na kete nyeupe na kufungua kwa Gambiti ya Malkia. Katika ufunguzi huo, mwenye kete nyeupe humtoa askari mmoja kama chambo ili atawale katikati ya ubao. Gukesh alimla askari huyo, kisha akajilinda kwa utulivu hadi sare ilipopatikana katika hatua ya 71.

Sare hiyo ilimfikisha pointi 9, lakini haikutosha peke yake. Caruana na Nepomniachtchi walikuwa bado wakichuana, na mshindi kati yao angelingana naye na kulazimisha michezo ya ziada. Nao walitoka sare baada ya hatua 109.

Desemba 2024, nchini Singapore, Gukesh alimshinda Ding Liren wa China na kutwaa ubingwa akiwa na umri wa miaka 18.