Kugeza si Kurekebisha: Vipimo vya Joto na Volteji katika Kompyuta

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha maelekezo ya kompyuta hukutana upesi na agizo linalohusu vihisi vya joto na volteji vya bodi mama, na mara nyingi hulifasiri kwa kitenzi kurekebisha. Tuonavyo sisi, tafsiri hiyo ni ya hatari. Fundi aliyeambiwa "rekebisha volteji" ana haki ya kuingia katika mipangilio ya mashine na kuipandisha au kuishusha volteji yenyewe, na kwa kufanya hivyo aweza kuiunguza prosesa. Mwandishi wa agizo hakukusudia umeme uguswe. Alikusudia namba inayoonyeshwa ilinganishwe na kipimo kinachoaminika.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Tuchukue chipu ya LM78 iliyotengenezwa na National Semiconductor. Ni ya zamani, lakini kanuni yake ingali inatumika. Chipu hiyo hupima volti 4 na kidogo tu, na kiasi hicho hukigawa katika ngazi 256, kila moja volti 0.016. Njia ya volti 12, basi, haiwezi kuingizwa humo moja kwa moja. Hupunguzwa kwanza na vikinza viwili, yaani vipande vinavyozuia sehemu ya umeme, vilivyowekwa na mtengenezaji wa bodi. Chipu haijui vikinza hivyo vina ukubwa gani. Programu, kama vile lm_sensors ya Linux, ndiyo inayozidisha ili kuirudisha namba ya asili, nayo hufuata kizidisho ilichoandikiwa.

Hapo ndipo kosa linapojificha. Tuseme chipu imehesabu ngazi 198, yaani volti 3.168. Vikinza vikiwa vya omu 28,000 na omu 10,000, kizidisho ni 3.8 na jibu ni volti 12.04. Programu ikiandikiwa kana kwamba kikinza cha kwanza ni cha omu 30,000, kizidisho huwa 4 na jibu huwa volti 12.67. Kanuni ya ATX huruhusu njia hiyo ipande kwa asilimia 5, yaani hadi volti 12.60. Kwa hiyo pawa saplai iliyo nzima kabisa huhukumiwa na kutupwa kwa sababu ya hesabu mbaya. Tena, ngazi moja ya chipu ikizidishwa kwa 3.8 ni kama volti 0.06, desimali ya tatu tunayoiona kwenye kioo ni pambo tu.

Fundi huchukua multimita anayoiamini na, mashine ikiwa inafanya kazi, hugusa waya mweusi na waya wa manjano kwenye plagi, bila kulifungua sanduku la pawa saplai. Tofauti ikijulikana, husahihisha kizidisho.

Kosa la joto mara nyingi ni la nyuzi chache za kuongeza au kupunguza. Kompyuta iliyozimwa usiku kucha inapowashwa, kihisi cha bodi kwa muda mfupi chapasa kukaribia joto la chumba. Kikionyesha nyuzi 19 katika chumba chenye nyuzi 28, kinadanganya, kwani feni haiwezi kupoza kitu kupita hewa inayokipulizia. Hata hivyo, kulingana asubuhi hakuthibitishi kwamba kitalingana mashine ikipata moto.

Msamiati wa kimataifa wa elimu ya vipimo, katika toleo lake la 3 la mwaka 2008, unaonya kuwa kulinganisha chombo na kukirekebisha visichanganywe. Shirika la Viwango Tanzania lina Maabara ya Ugezi, na ugezi ndilo neno tunalolipendekeza. Wako watakaosema kwamba halisikiki mitaani. Ni kweli, lakini kusawazisha, linalosikika, lina kazi nyingi mno, na kuhakiki limekwisha kuchukuliwa na Wakala wa Vipimo kwa mizani na pampu za mafuta, ambako chombo hukubaliwa au hukataliwa kisheria.

Sentensi ya kijitabu, basi, iandikwe hivi: "Geza kihisi cha volteji kwa multimita, kisha sahihisha kizidisho katika programu, volteji yenyewe usiiguse."