Utamu Usio na Sukari: Mambo ya Kuzingatia kwa Mlaji Anayepunguza Wanga

Katika Wilaya ya Chemba, kama ilivyo sehemu nyingi za Mkoa wa Dodoma, mlo mkuu wa kaya ni ugali wa uwele, mtama au mahindi. Mtu anayeshauriwa na tabibu kupunguza wanga kwa sababu ya kisukari au uzito mara nyingi huanza na lililo jepesi: huacha sukari ya chai na kununua vidonge vya kukoleza utamu. Hatua hiyo yaweza kufaa, iwapo mlaji anafahamu alichonunua.

Aina mbili zisizofanana

Aina ya kwanza ni vikoleza utamu vikali, kama vile aspatamu (E951), sakarini (E954), sukralosi (E955) na vile vitokanavyo na mmea wa stevia (E960). Kiasi kidogo mno hutosha kukoleza kikombe, hivyo havipandishi sukari ya damu. Hata hivyo, baadhi ya pakiti za unga huchanganywa na glukosi au maltodekstrini ili kuongeza ujazo, na hizo ni wanga.

Aina ya pili huitwa alkoholi za sukari. Jina hilo lisimtie mlaji shaka: si pombe wala hazilevyi. Hutumika katika biskuti, chokoleti, peremende na bazoka zilizoandikwa kuwa hazina sukari. Miongoni mwake ni sorbitoli (E420), maltitoli (E965), zailitoli (E967) na erithritoli (E968). Erithritoli haipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kuhesabika, lakini maltitoli huipandisha, ingawa kwa kiasi pungufu kuliko sukari ya kawaida. Kwa hiyo biskuti isiyo na sukari si biskuti isiyo na wanga: unga wake ungali pale pale. Zikiliwa kwa wingi, sorbitoli na maltitoli huleta gesi tumboni na kuharisha.

Kikombe na sahani

Kijiko kimoja cha chai hubeba takribani gramu 4 za sukari. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kwa vijiko viwili, akiacha sukari huepuka gramu 24. Lakini gramu 100 za unga wa uwele, mtama au mahindi zina wanga wa kati ya gramu 60 na 75, nao wanga huo hugeuka sukari mwilini. Kikoleza utamu hubadili kikombe, hakibadili sahani. Anayetaka nafuu apunguze pia ukubwa wa tonge, aongeze mlenda na mboga nyingine za majani, kunde na maharage. Akumbuke vilevile kuwa asali, hata iwe safi kiasi gani, ni sukari, na ubuyu wa kupaka rangi umefunikwa kwa sukari.

Usalama wake

Mwezi Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri vikoleza visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida yake ya muda mrefu haikuthibitika. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, wala haukugusa alkoholi za sukari. Mwezi Julai mwaka huohuo, aspatamu iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kwa ushahidi hafifu. Kiwango kinachokubalika kilibaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni miligramu 2,400.

Hatari isiyopaswa kusahauliwa

Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, akipunguza ugali ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari yake ya damu yaweza kushuka mno. Dalili ni jasho jingi, kutetemeka, njaa kali, kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Katika hali hiyo, soda au chai yenye kikoleza haitamwokoa. Apewe mara moja sukari halisi: vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, na baada ya dakika 15 apewe tena iwapo hajapata nafuu. Akipoteza fahamu, asipewe chochote mdomoni. Awahishwe kituo cha afya. Kwa sababu hiyo, kaya yenye mgonjwa wa namna hii isiondoe sukari yote nyumbani.

Kabla ya kununua

1. Soma orodha ya viambato na namba za E, si maandishi makubwa ya mbele pekee.
2. Tazama jumla ya wanga, kisha linganisha na bidhaa ya kawaida ya aina hiyohiyo pamoja na bei yake.
3. Usinunue vidonge vilivyopimwa na kufungwa upya katika karatasi isiyo na jina, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi.
4. Dai risiti na uitunze. Ukitilia shaka ubora wa bidhaa, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukidanganywa na maelezo ya muuzaji, fika Tume ya Ushindani (FCC).
5. Usibadili mlo wala dozi ya dawa kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wa afya anayekuhudumia.