Chujio Halimjui Mtani (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliona namna waajiri wanavyoweka programu za kuchuja lugha katika mawasiliano ya kazini. Leo tuzipime kwa maisha ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga.

Programu nyingi za aina hii hutegemea orodha. Zinapewa maneno yaliyopigwa marufuku, kisha zinayasaka katika kila ujumbe. Mwaka 1996 kampuni ya AOL ilijikuta ikiwazuia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti, kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi zinazounda tusi zito la Kiingereza. Kwetu mtego ni mpana zaidi, maana Kiswahili hubandika viambishi kila mahali. Mwalimu wa Korogwe akiandika "tumeshindwa kumaliza mtaala" au "mtoto huyu atakosa mtihani", chujio la namna hiyo litanasa kipande cha neno na kuuzuia ujumbe. Likiamriwa litazame neno zima tu, mtukanaji atabadili kiambishi na kupita.

Hilo mafundi wanaweza kulipunguza. Lililo gumu ni utani, ule uhusiano wa makabila unaowaruhusu watu kutaniana bila kukasirika na kusaidiana msibani.

Mwaka 1944 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, alichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu utani wa Tanganyika. Mwaka huohuo wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, chombo cha kuwaajiri manamba (vibarua wa mkataba) kutoka mbali. Mashamba ya Korogwe yalijaa watu wa makabila mengi, na aliyefia ugenini alimhitaji mtani wa kumzika.

Aliyehudhuria msiba wenye watani anaujua mchezo wake. Mtani huigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, huwaita majina ambayo mtu mwingine akiyatamka atapigwa, na pengine hujilaza kaburini asitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Maneno hayohayo yakiandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, chujio litaona matusi ya nguoni tu. Halijui nani ni mtani wa nani.

Nami naliogopa zaidi kosa la upande wa pili: kuyapitisha maneno yanayoumiza. "Rudini kwenu" haina neno hata moja chafu. "Mama yule ni mchawi" nayo ni sentensi safi kabisa, lakini katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma hiyo. Tangu mwaka 2022 Msomera, wilayani Handeni, imepokea familia za wafugaji kutoka Ngorongoro. Mgeni hana utani wa miaka mingi na wenyeji wa kumkinga. Neno ambalo Mzigua na Msambaa wanarushiana kwa kicheko linaweza kumuumiza yeye, na programu haitanusa lolote.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imetambua kwa kiasi chake kwamba neno peke yake halitoshi. Kifungu cha 23, kinachohusu unyanyasaji mtandaoni, kinatazama nia: je, mtumaji alikusudia kumtisha, kumsumbua au kumtia mwenzake simanzi? Hakimu anaweza kuita mashahidi na kuuliza hawa wawili wanaishije. Programu haina uwezo huo, na mkuu wa idara anayeiachia iamue peke yake ameitupa kazi yake.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia makundi ya walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri zetu: chujio liwe la kuonya, lisiwe la kuhukumu. Wekeni wasimamizi wawili, mmoja anayejua Kizigua au Kisambaa, mwingine mgeni wa eneo. Likitokea neno, aulizwe kwanza aliyeambiwa kama ameumia. Akisema ameumia, neno lifutwe na aliyeliandika aombe radhi mbele ya kundi zima, hata kama yalikuwa mazoea yao.

Wiki ijayo tutazungumzia picha na sauti, ambazo orodha ya maneno haizifikii kabisa.